Kichwa Kinauma Asubuhi na Mashine ya Pumzi Ameivaa Usiku

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako tu, utanisikia. Leo nina neno na wale ambao nyumbani kwao kuna mtu aliyepewa mashine ya pumzi ya kulala nayo, na badala ya kuamka akiwa na nafuu anaamka ameshika kichwa.

Nianze na mama mmoja aliyenijia mwezi wa Julai, ile baridi ya Molo ikiwa imekolea. Hata kabla ya kuketi aliniambia, "Sista, ile mashine inaniulia mzee." Mzee wake ni dereva wa lori. Alikuwa amekoroma miaka na miaka, watoto wakimcheka, mpaka siku aliposinzia kwenye usukani akiteremka Salgaa na kuponea chupuchupu. Akapimwa usingizi wake Nairobi, akaambiwa pumzi yake inakatika usiku. Wakakopa kwa chama, wakanunua mashine. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, kila asubuhi kichwa kinagonga, na mzee amesema mashine itauzwa.

Ukisikia pesa za chama zimeingia hapo, utaelewa kwa nini mama alikuwa karibu kulia. Lakini mimi nilichoogopa zaidi ni ile Salgaa. Dereva wa lori akiacha matibabu haya, anayelipa si yeye peke yake.

Tuelewe kwanza huo ugonjwa. Mtu akilala, nyama laini za koo hulegea. Kwa wengi wetu hewa bado inapita. Kwa mwenye ugonjwa huu njia hujifunga, yote au sehemu, pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha ubongo unamgutusha, anakoroma kwa kishindo na kuvuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Yeye mwenyewe hakumbuki. Wewe uliyelala kando yake ndiye unayejua. Kwa mtu mzima, ikitokea mara 5 hadi 14 kwa saa, madaktari husema ni hali nyepesi. 15 hadi 29 ni ya wastani. 30 kwenda juu ni kali. Hebu piga hesabu: mara 30 kwa saa ni kila dakika mbili, usiku kucha.

Kila pumzi inapokatika, oksijeni inashuka katika damu, na ile hewa chafu tunayopaswa kuitoa, kaboni dayoksaidi, inabaki ndani. Hewa hiyo chafu hupanua mishipa ya damu ya kichwani, na hapo ndipo maumivu ya asubuhi yanapoanzia. Mara nyingi kichwa hubana pande zote mbili kama kimefungwa leso iliyokazwa, na huachia chenyewe baada ya saa chache mtu akishaamka.

Mashine yenyewe huandikwa CPAP, na hospitalini utasikia wakiita sipapu. Ilianzishwa Australia na daktari Colin Sullivan na wenzake, na habari zake zikachapishwa mwaka wa 1981. Kazi yake ni rahisi kueleza: inavuta hewa, inaisukuma kupitia mrija hadi kwenye barakoa, na msukumo huo unashikilia koo lisijifunge. Sikiliza hapa vizuri, kwa sababu tutarudi: mashine hii haitengenezi oksijeni. Inavuta hewa ile ile iliyo chumbani mwenu.

Basi, kama maumivu yalitokana na pumzi kukatika, mashine ikifanya kazi yake yanapaswa kupungua siku hadi siku. Wengine huona nafuu katika wiki ya kwanza, wengine huchukua wiki kadhaa. Kama yanazidi, au kama hayakuwepo na sasa yamekuja, kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi wewe mama unaweza kukiona kabla ya daktari, kwa kuwa daktari halali katika nyumba yako.

Nilipomwuliza yule mama mzee analala vipi, kwanza alinionyesha kwa vidole jinsi anavyomkazia mikanda ya barakoa. Hewa ilikuwa inavuja na kumpuliza machoni, kwa hivyo kila usiku alikuwa akikaza zaidi. Kukaza sana kunaumiza kichwa, na alama nyekundu usoni asubuhi ndizo zitakazokuambia. Barakoa hutiwa ikiwa mtu amelala tayari, mashine ikiwa inapuliza, mikanda ikiwa imelegea. Halafu unakaza kidogo kidogo pande zote sawa mpaka hewa iache kuvuja, na hapo unasimama. Ikivuja hata hivyo, huenda saizi si yake, au ndevu zinazuia, au mafuta ya uso yametelezesha. Osha sehemu inayogusa uso kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Barakoa isiyofaa hurudishwa kubadilishwa. Usiiogope aibu hiyo, mmelipa.

Angalia pia yale matundu madogo ya mbele kwenye barakoa. Wengine huyaona ni ubovu wakayaziba kwa plasta kwa sababu yanatoa sauti na kupuliza baridi. La! Hapo ndipo hewa chafu inapotokea. Ukiyaziba, mtu anavuta tena pumzi aliyoitoa, na kichwa kitauma kuliko mwanzo. Blanketi zito lililofunika barakoa linaweza kuleta shida hiyo hiyo. Na stima ikipotea usiku, mvue barakoa hata kama amelala fofofo.

Halafu kuna pua. Hewa inayosukumwa usiku kucha hukausha pua, na pua iliyokauka huvimba, na ikivimba maumivu yanakaa kwenye paji la uso na nyuma ya macho. Mashine nyingi zina kibirika cha maji cha kutia unyevu. Mwulize mgonjwa kama anakitumia, maana wengi hukiacha tupu. Maji yanayofaa ni yale yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, huuzwa kwa chupa katika maduka ya dawa. Yakikosekana, yaliyochemshwa na kupoa yanaweza kusaidia siku chache, ila yataacha chokaa. Yale ya betri ya gari yaache kabisa. Mengine yana asidi. Kichujio cha hewa nacho kikaguliwe, kwani kwetu vumbi na moshi havikosekani.

Sasa msukumo wa hewa. Huu hupangwa kwa kila mtu kivyake. Ukiwa mdogo mno, pumzi bado inakatika na kichwa bado kinauma. Ukiwa mkubwa mno, mtu anameza hewa, tumbo linajaa, masikio yanaziba, anauma meno akipambana nayo, na kichwa kinauma kwa njia nyingine. Usibadilishe mwenyewe, wala usikubali jirani aliye na mashine kama hiyo akuchezee. Lakini mashine nyingi za siku hizi hukuonyesha asubuhi saa alizotumia, hewa iliyovuja, na mara ngapi pumzi ilikatika kwa saa. Andika namba hizo kwenye daftari la shule. Chini ya 5 kwa saa ni vizuri. Ikibaki juu siku baada ya siku, beba daftari na mashine mrudi kliniki. Kuna wagonjwa wachache ambao mashine ya aina hii haiwatoshi, hasa wenye mwili mkubwa ambao hata mchana hawapumui vya kutosha, au ambao ubongo wenyewe husahau kutoa amri ya kupumua. Hao hupewa mashine au mpango mwingine. Na nyinyi mnaoishi sehemu za juu kama huku kwetu, mwulize aliyewauzia kama mashine hiyo inajirekebisha kulingana na mwinuko.

Jambo jingine: anaivaa mpaka saa ngapi? Wengi huitupa saa tisa usiku wakijiambia saa tano za kulala zimetosha. Ule usingizi wa ndoto, ambapo nyama za koo hulegea zaidi, huwa mwingi kuelekea alfajiri. Ukiivua saa tisa, umeivua wakati koo linapoihitaji zaidi. Wewe mama ukigutuka ukaona barakoa iko sakafuni, mrudishie pole pole bila kugombana. Mchana akae nayo nusu saa akitazama televisheni, azoee. Mashine nyingi pia huanza na hewa kidogo kisha huongeza taratibu. Waulize kliniki jinsi ya kuiwasha hali hiyo.

Turudi kwa mama wetu. Tulikuwa tumepitia haya yote, na nilikuwa nimeshaandika barua ya kumrudisha mzee kliniki, ndipo nikamwuliza, kama vile kupitisha wakati, "Na wewe mwenyewe, unaamkaje?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Hata mimi kichwa siku hizi, Sista. Na mtoto alitapika Jumatatu." Nikauliza chumba kinapashwa moto na nini. Akasema jiko la makaa, linaingizwa yakishawaka vizuri na moshi umekwisha, dirisha wameziba kwa gunia kwa ajili ya baridi.

Mama, niliweka kalamu chini.

Makaa yaliyowaka vizuri bila moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Hewa hii hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakaa mahali pa oksijeni. Mtu huanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, halafu haamki. Na ile mashine, kama nilivyosema, inavuta hewa ya chumba hicho hicho; kichujio chake huzuia vumbi, hakizuii sumu hii. Hata kile kifaa cha kubana kidole kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa huku damu imejaa sumu. Dalili ya kukufungua macho ni hii: kichwa kinauma kwa zaidi ya mtu mmoja nyumbani, na mkitoka nje kwenye hewa mnapata nafuu. Mkiona hivyo, tokeni wote nje mara moja, fungueni milango, mwende hospitali mkaseme wazi, "Tulilala na jiko." Usione haya kusema. Daktari asipoambiwa anaweza kutibu malaria. Jiko la makaa halilali ndani, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Ongeza blanketi, vaa soksi, weka chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa.

Nilimpeleka yule mama na mtoto wake hospitali siku ile ile, na mzee akaitwa kwa simu awafuate.

Bado kuna vichwa vya asubuhi visivyohusiana na mashine wala jiko. Wenye pumzi kukatika wengi pia wana shinikizo la damu, kwa hivyo apimwe. Kupima katika zahanati ni dakika chache. Dawa za maumivu zenyewe, zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, huanza kuleta maumivu ya kichwa, na zile zilizochanganywa dawa kadhaa huleta mapema zaidi, kuanzia siku 10. Pombe ya jioni hulegeza koo. Dawa za usingizi, na dawa za kikohozi au maumivu zenye kodini, humpunguzia pumzi mtu ambaye tayari pumzi yake ni ya kubahatisha, kwa hivyo asinunue dukani bila kumweleza mwenye duka kwamba anatumia mashine.

Lakini usingoje daftari wala miadi kama kichwa kimekuja ghafla na kwa ukali ambao hajawahi kuuona, kama uso umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki sawa, haoni vizuri, amechanganyikiwa, au ana homa na shingo imekakamaa. Hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Na wewe mama mjamzito unayenisikiliza: kichwa kikali, macho kuona ukungu au nyota, uso na mikono kuvimba, usikae nacho nyumbani ukidhani ni uchovu. Shinikizo likifika 140 kwa 90 katika ujauzito ni jambo la kuangaliwa siku hiyo.

Mtu huyo akiwa dereva, wa lori, matatu au boda boda, na bado anasinzia mchana, asishike usukani mpaka daktari aridhike. Najua ni kusema tu, kwa maana karo inatoka kwenye usukani huo. Ongeeni na mwajiri mapema, apewe kazi ya gereji au ya ghalani kwa wiki chache, kabla ya barabara kuwaamulia.

Wenzetu wale wa Molo walipewa oksijeni hospitalini wakarudi nyumbani salama. Kichwa cha mama na cha mtoto kilikwisha mara jiko lilipohamia nje. Cha mzee kilipungua lakini hakikuisha, na kliniki walipofungua kumbukumbu za mashine wakaona kila usiku anaivua saa tisa. Walimbadilishia barakoa, wakapunguza msukumo wa kuanzia. Mwezi wa Septemba mama alipita kwangu kuleta mtoto wa chanjo, nikamwuliza habari za mzee. Akacheka, akasema siku hizi nyumba ni kimya mpaka yeye ndiye hapati usingizi, anaamka kumsikiliza kama yuko.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya watoto wanaokoroma. Kama wako analala mdomo wazi, tafuta tochi umwangalie koo kabla ya kipindi.