Je, Wajua? Namba za Presha Zinapima Nini

Ukiambiwa presha yako ni 120 kwa 80, maana yake msukumo wa damu unaweza kuinua zebaki milimita 120 moyo unapojikaza, na milimita 80 unapolegea. Mkanda wa kupimia presha unaofungwa mkononi ulibuniwa na daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akaongeza kusikiliza mshipa kwa stetoskopu.

Namba ya juu ikifika 140, au ya chini 90, katika vipimo vya siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya kupanda, hata kama hujisikii kuumwa. Kabla ya kupimwa, keti umetulia dakika 5. Kahawa na sigara viache nusu saa kabla.