Wakili Anayelinda Jina na Ubunifu



Ukifika Posta, Dar es Salaam, utaona vibao vingi vya mawakili. Wengi wetu tunamjua wakili wa kesi ya shamba au ya mirathi. Leo tutamweleza wakili wa namna nyingine. Huyu halindi shamba wala nyumba. Analinda kitu kilichotoka kichwani mwa mtu.

Kitu gani hicho?

Tuseme akina mama wa kijiji wanatengeneza sabuni nzuri. Wameipa jina na picha. Hiyo ndiyo alama ya biashara. Mjanja mmoja anatengeneza sabuni hafifu, anabandika jina lile lile, anaiuza Kariakoo. Wanunuzi wanadanganyika. Akina mama wanakosa soko.

Tuseme tena fundi amebuni mashine mpya ya kupukuchua mahindi. Haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze bila ruhusa yake huitwa hataza.

Tanzania Bara ina sheria ya alama za biashara ya mwaka 1986 na sheria ya hataza ya mwaka 1987. Alama hulindwa miaka 7 kwanza, kisha huongezwa miaka 10 kila mara. Hataza haizidi miaka 20. Wakala wa serikali uitwao BRELA ndio unaosajili.

Wakili hufanya nini?

Kwanza, huchunguza kama jina au kifaa kimekwisha sajiliwa na mwingine. Pili, huandika maelezo ya ubunifu. Kazi hii ni kama kupima mipaka ya shamba. Akibana mipaka, jirani ataingia. Akiitanua mno, ombi litakataliwa. Tatu, hupinga watu wanaotaka kuchukua kisicho chao.

Tuchukue mfano wa kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja iliomba kusajili neno "kikoy" kule Uingereza liwe alama yake. Wafumaji wetu wangeweza kuzuiwa kuuza kikoi huko kwa jina lake! Watu wa Kenya walipinga, wakasaidiwa na mawakili. Mwaka 2008 kampuni iliacha ombi lake.

Anajifunza wapi?

Husoma sheria chuo kikuu, kisha mafunzo ya vitendo, halafu huapishwa na Jaji Mkuu. Masomo ya sheria ya chuo kikuu nchini yalianza mwaka 1961, Mtaa wa Lumumba, jirani na Kariakoo. Lakini vitabu vya sheria pekee havitoshi. Lazima aelewe mashine, dawa na mbegu. Kwa hiyo hata wakili mzoefu hukaa na fundi na kumwuliza, kama mwanafunzi wa kisomo.

Sisi tufanye nini?

Tusajili kwanza, tutangaze baadaye. Fundi akionyesha kifaa chake hadharani kabla ya kuomba hataza, anaweza kupoteza haki yake. Alama ya biashara unaweza kuiomba mwenyewe. Kwa hataza, heri kumwona wakili, maana maandishi yake ni magumu. Tukumbuke pia kuwa usajili wa Bara haufiki Zanzibar wala Kenya. Huko unaomba upya.

Maswali ya kujadili:
1. Alama ya biashara na hataza zinatofautianaje?
2. Kijijini kwetu kuna bidhaa gani yenye jina zuri ambalo halijasajiliwa?