Kitabu kiliuzika, mtoto akaitwa kikojozi

Picha yenyewe haikuwa mbaya. Godoro la futi tatu limeegemezwa ukutani juani, katikati lina duara la rangi ya chai. Pembeni amesimama mtoto wa kiume mwenye bukta na fulana, ameipa kamera mgongo. Chini ya picha mama aliandika kwamba hilo ndilo godoro lililomfanya aandike kitabu, akataja bei na namba ya kulipia kwa simu.

Ndani ya siku 10 nakala 61 ziliondoka. Kabla ya hapo, kwa miezi miwili mizima, zilikuwa zimeuzwa 23 tu, nyingi kwa wafanyakazi wenzake na wanachama wa kikoba chake.

Wiki ya tatu mwanawe wa miaka tisa alirudi kutoka shule, akapita sebuleni bila kusalimia na kulala na sare. Alipoulizwa alisema kichwa kinauma. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa, baada ya miezi minane ya kuamka mkavu.

Mama huyo ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Nimeandika habari hii baada ya kumwomba ruhusa yeye, kisha mwanawe, ambaye huniita mama mdogo. Kijana alikubali kwa masharti mawili: jina lake na la shule yake visitokee gazetini, na niandike wazi kwamba sasa hivi hakojoi kitandani. Nimeandika.

Kwa nini alijichapishia

Dada si mwandishi kwa kazi, ni mhasibu. Kwa miaka mitatu alihangaika na mtoto aliyekojoa kitandani, akapewa kila aina ya ushauri na majirani, kuanzia kumchapa hadi kumnyima maji tangu saa kumi jioni. Alipompata daktari wa watoto aliyekaa naye na kumweleza kwa utulivu, alianza kuandika kwenye daftari yale aliyoambiwa, ili asisahau. Daftari likawa kijitabu cha kurasa 48. Daktari huyo alikipitia, akasahihisha kurasa mbili.

Alichapisha nakala 200 kwa fedha za kikoba, katika kiwanda kidogo cha uchapaji Kariakoo. ISBN aliipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Duka la vitabu alilokwenda lilikubali nakala tano tu, kwa makubaliano kwamba atalipwa zikiuzwa. Zilizobaki zilijaa kwenye maboksi chini ya kitanda chake, na deni la kikoba lilikuwa na tarehe yake.

Akageukia Instagram, kama wanavyofanya akina mama wengi wenye vitabu vya mapishi ya watoto, hadithi za kulalia au ushauri wa malezi. Hakuna mchapishaji wa kulipia tangazo, wala mtu wa kusambaza mikoani. Una simu, una picha, na basi la usiku litapeleka kifurushi Mbeya au Mwanza kabla ya mchana wa kesho yake.

Mwanzoni aliweka jalada. Jalada mezani, jalada kwenye kochi, jalada pembeni ya kikombe cha kahawa (yeye hanywi kahawa). Watu walipita tu. Jalada kwenye skrini ya simu ni kadogo kama stempu, na mtu anayeperusha kwa kidole gumba hana sababu ya kusimama. Godoro lenye duara, hapo kila mzazi aliyewahi kulianika atasimama.

Kwa hiyo sisemi picha ile haikuwa na akili. Ilisema ukweli, na iliwafikia wanaohitaji kitabu. Tatizo lilikuwa yule aliyesimama pembeni.

Mgongo una jina

Dada alidhani mgongo hautambuliki. Lakini ukurasa wake, kama ilivyo kawaida yetu, ulikuwa na jina la Mama Fulani, na huyo Fulani ndiye aliyesimama pembeni ya godoro. Mzazi mmoja wa darasani alipiga picha ya skrini akaituma kwa rafiki yake, nadhani bila nia mbaya, pengine akimshauri anunue. Ikafika kwenye simu ya kaka wa mwanafunzi mwenzake. Jumatatu darasa zima lilijua. Neno la kumwita halikuhitaji kutungwa: kikojozi.

Wasomaji wenye umri wa wazazi wangu wanakumbuka ilivyokuwa. Mtoto aliyekojoa kitandani alibebeshwa godoro au shuka, akazungushwa mtaani huku wenzake wakimwimbia. Watu wazima walicheka na kuamini ni dawa. Sura ya pili ya kitabu cha dada inahusu jambo hilohilo. Anaeleza kwa nini aibu haimsaidii mtoto ambaye amelala fofofo na hajui kibofu chake kimejaa, na anawasihi wazazi waache.

Halafu akamsimamisha wa kwake pembeni ya godoro mbele ya wafuasi 4,000. Simsemi vibaya, haya ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema akilia jikoni kwangu. Uchochoro wa zamani ulikuwa na mwisho. Ukifika kwenye kisima au duka la mangi, mzunguko umekwisha na mtoto anarudi ndani.

Alimpeleka hospitali ile wiki, na alifanya vyema. Mtoto aliyekaa mkavu kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza tena anahitaji kuonwa na daktari, kwa sababu huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, choo kigumu, au jambo linalomsumbua moyoni. Mkojo ulikuwa safi, sukari ya kawaida. Jambo la moyoni lilijulikana bila kipimo. Na mzazi unayesoma hapa huku una godoro lako nje, jua kwamba huko peke yako: kati ya watoto 100 wa miaka mitano, takriban 15 bado hulowesha kitanda usiku, na wengi huacha kadiri wanavyokua.

Mwili ulikuwa wake

Wakati dada akijilaumu, nilimkumbuka Rupi Kaur, mshairi wa Canada aliyezaliwa Punjab, India. Alikuwa akiweka mashairi na michoro yake mitandaoni, na mwaka 2014 alijichapishia kitabu chake cha kwanza, milk and honey. Machi 2015 aliweka Instagram picha akiwa amelala kitandani, ameipa kamera mgongo, nguo na shuka vina doa la damu ya hedhi. Ilikuwa sehemu ya kazi yake ya chuo kikuu. Instagram iliiondoa mara mbili, kisha ikaomba radhi na kuirudisha, na mjadala ukasambaa duniani. Mwaka huohuo kampuni ya Andrews McMeel ilikichukua kitabu chake, na kimeuza mamilioni ya nakala.

Ukiziweka picha hizi mbili pamoja zinafanana kwa kiasi cha kushtua: mgongo, kitanda, doa ambalo jamii inataka lifichwe. Tofauti ni kwamba Kaur alikuwa mtu mzima na mwili ulikuwa wake. Alijua anachofanya, na matusi yalipokuja alikuwa na kalamu ya kujibu. Mtoto wa darasa la nne hakuulizwa. Na hata angeulizwa, angejibuje mama ambaye kila jioni anahesabu nakala zilizobaki chini ya kitanda?

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za watoto na za afya katika kundi la taarifa nyeti. Picha ya godoro ilikuwa na zote mbili. Lakini anayetarajiwa kumlinda mtoto na kumtolea ridhaa ni mzazi, na hapa mzazi ndiye mwenye duka. Ufaransa ilipitisha sheria Februari 2024 inayowataka wazazi wote wawili wailinde picha ya mtoto wao kwa pamoja, na wamshirikishe mtoto kulingana na umri wake. Sisi tunabaki na dhamiri, na pengine baba au bibi wa kusema hapana. Kwa dada, shemeji alikuwa safarini na picha aliiona baadaye kama wengine.

Aliifuta siku ileile. Instagram huiweka picha iliyofutwa pembeni kwa siku 30 kabla ya kuiondoa moja kwa moja, kwa hiyo ilibidi aingie huko aifute tena. Nakala zilizopigwa kutoka kwenye skrini hakuweza kuzifuta. Mtandao huo haukuarifu mtu anapoipiga picha posti yako, wala haujui imekwenda wapi. Alibadilisha jina la ukurasa, akamwandikia yule mzazi, akaenda kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu alilishughulikia kwa hekima: hakumtaja mtu, alifundisha kipindi kizima kuhusu figo na kibofu.

Nakala 116 zilizobaki

Kwa wiki tano hakuposti chochote. Kisha tarehe ya kikoba ikakaribia, na tukakaa naye Jumamosi moja kufikiria. Mimi nilikuwa na maoni mengi, kama kawaida ya mtu ambaye bado hajaitwa mama. Lakini jambo lililotusaidia lilitoka kwenye inboksi yake.

Tuliposoma ujumbe wa wanunuzi tuliona kitu ambacho alama za moyo hazikuonyesha. Karibu wote waliandika faragha. Wengi hawakuwahi kuipenda posti yoyote wala kutoa maoni, kwa sababu nani ataandika hadharani kwamba binti yake wa miaka 11 bado analowesha kitanda? Walihifadhi posti kimyakimya, wakarudi usiku. Ujumbe mwingi uliingia kuanzia saa nne usiku, na mwingine saa kumi na moja alfajiri, saa ya kubadilisha mashuka. Dada alikuwa akiposti mchana, saa ya chakula cha ofisini, akihuzunika kwamba watu hawachangamki.

Akahamisha muda. Akaacha kupiga picha jalada, akapiga kurasa za ndani: aya moja, herufi kubwa zinazosomeka bila kuvuta skrini. Picha ya kwanza inauliza swali ambalo mzazi anajiuliza, kama vile iwapo mtoto anafanya makusudi, na jibu linapatikana ukitelezesha kwenda picha ya pili na ya tatu. Akapiga picha ya nailoni ya kufunika godoro, na kalenda yenye nyota za kalamu nyekundu. Na mikono yake mwenyewe ikikunja shuka. Hiyo ndiyo iliyohifadhiwa na watu wengi kuliko zote.

Bei aliiandika wazi. Naomba niseme hapa kwamba tabia ya kuandika "njoo inboksi" kwa kila anayeuliza bei inachosha, na mzazi mwenye aibu hatakuja inboksi kuuliza bei. Ataondoka. Linki ya kuagiza aliiweka kwenye maelezo ya ukurasa, kwa kuwa linki ndani ya maandishi ya posti haibonyezeki. Kwenye mipangilio aliingiza neno kikojozi na ndugu zake, ili maoni yenye maneno hayo yafichwe yenyewe.

Jambo moja tulilibishania. Wauzaji wengi huweka picha za ujumbe wa wateja kama ushuhuda, na dada alikuwa na mzuri sana kutoka kwa baba wa Tanga. Mimi nilitaka auweke baada ya kufuta jina. Yeye alikataa, akasema jina lake mwenyewe halikuandikwa kwenye godoro na bado lilijulikana. Alikuwa sahihi. Alikataa pia shauri la rafiki yake la kuandika kwamba kitabu kinamaliza tatizo ndani ya siku saba. Katika kazi hii ya habari za afya nimeona ahadi za namna hiyo nyingi, na kitabu chenye siku saba kwenye tangazo mimi sikinunui.

Vifurushi anavifunga kwa bahasha ya kaki isiyo na jina la kitabu. Mama mmoja wa Dodoma alimwambia anaishi na wifi zake na asingependa waone.

Mauzo hayakurudi kwenye kasi ya godoro. Siku nyingine nakala moja, siku nyingine hakuna. Deni la kikoba alilipa kwa kuchelewa wiki tatu, na faini. Ilimchukua miezi mitano kufikisha nakala tisa zilizobaki nilipomtembelea mwezi uliopita.

Kijana nilimkuta mezani na simu ya mama yake, akiipiga picha kalenda kwa ajili ya posti ya usiku. Aliomba kazi hiyo mwenyewe. Wamekubaliana Sh500 kwa kila picha itakayotumika, na hakuna picha inayotoka bila yeye kuiona kwanza. Aliniita pembeni akanionyesha hesabu zake nyuma ya daftari la sayansi. Anadai mama yake hajamlipa picha mbili za Machi.