Chungu Kimoja, Watoto Wawili

Mimba yangu na ya wifi yangu zilipishana wiki tatu. Tulikula chungu kimoja hapa Ng'ong'ona, Dodoma, chini ya Chimwaga: ugali wa dona, mahindi ya shamba la mama mkwe, na mlenda. Mwaka ule punje nyingi zilikuwa na ukungu wa pinki. Tukapeta juu juu tu, tukasaga; njaa haichagui.

Wake akazaliwa mzima. Wangu akatoka na mgongo wazi: uvimbe kiunoni, laini kama yai lililomenywa, ngozi nyembamba hata maji ya ndani yanaonekana.

"Mbona wifi yako hakupata?" mama mkwe aliuliza. Majirani wakanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mimi nikabaki na swali lake, maana lilikuwa swali zuri.

Uti wa mgongo huanza kama ukanda bapa, ukajikunja kama mkeka na kujifunga kabla mimba haijatimiza siku 28. Vidonge vya damu nilianza kupewa kliniki mwezi wa nne!

Sumukuvu tunaijua. Mwaka 2016 aflatoksini iliua watu 20 Dodoma na Manyara kwa kuharibu maini. Ukungu wa pinki huwa na yake, fumonisini. Hiyo huvuruga mafuta ya utando wa seli, seli zikashindwa kupokea vizuri foliki, vitamini ya mboga za majani na ya vile vidonge vya damu, ambayo uti unaihitaji ili ujifunge. Mwaka 1990 na 1991 watoto wengi wenye kasoro za namna hii walizaliwa Brownsville, Texas, mpakani na Meksiko, na baadaye watafiti wakaishuku fumonisini iliyokuwa kwenye mahindi ya tortilya.

Lakini si kila anayeila hupata. Maabarani, panya wa ukoo mmoja wakipewa fumonisini huzaa watoto ambao fuvu halikufunga. Wa ukoo mwingine huihimili zaidi. Kwa binadamu kuna jeni iitwayo MTHFR: aliyerithi aina yake dhaifu kwa baba na kwa mama huitumia foliki kwa shida. Mimi sijapimwa. Ila chungu kilikuwa kimoja, damu mbili.

Mimba ya pili nilianza foliki miezi mitatu kabla, kwa kununua, kwani mashine yetu ya kusaga haiongezi virutubishi.

Mwanangu wa kwanza alifanyiwa upasuaji, sasa anatembelea magongo. Jioni huketi nami jamvini tukichambua mahindi. Macho yake yanashinda yangu.

"Mama, na hii. Na hii pia."