Usikate Hiyo Kivimba: Farasi na Kansere ya Ngozi



Hapa Likasi farasi ni wachache, tunajua. Lakini mtu wa agronomi anaweza kujikuta mbele ya farasi siku yoyote. Mimi nilijikuta wakati wa staji, ku ferme moja njia ya Kambove. Farasi jike alikuwa na kivimba kama karanga, pale mukaba wa tandiko unapita. Mchungaji akaniuliza: "Enjenyeri, tufanye nini?" Nikaona haya kusema sijui. Nikasema tukate. Tukamfunga, tukakata na wembe, tukatia alkoli. Kisha miezi miwili, pahali pa karanga palikuwa kidonda kama ngumi, damu inatoka, nzi wanajaa.

Munganga wa nyama alitoka Lubumbashi, akatupa jina: sarkoidi. Ndiyo kivimba cha ngozi kinachopatikana zaidi kwa farasi na punda duniani. Jackson aliieleza Afrika Kusini mu 1936. Inafungamana na virusi vya papiloma, vile vinaleta chunjua kwa ng'ombe, na nzi wanashukiwa kuvibeba. Kwa kawaida haiendi mu mapafu ao mu maini, lakini inakula ngozi. Ukiikata nusu, inarudi na nguvu zaidi.

Na si kila kivimba ni sarkoidi. Farasi wa rangi ya kijivu akizeeka, vivimba vyeusi chini ya mkia ao ku midomo mara nyingi ni melanoma. Ngozi isiyo na rangi, karibu na jicho ao ku sehemu za siri, jua linaweza kuileta kansere ingine inayochimba kama kidonda. Kidonda cha mguu kisichopona kinaweza kuwa nyama iliyozidi tu, ao minyoo iliyoletwa na nzi. Na sarkoidi ya bapa, isiyo na manyoya, inafanana na mapunye.

Kwa hiyo jicho peke yake halitoshi. Kipande kinaangaliwa na mikroskopi mu labo. Lakini hata kukata kipande kidogo kunaweza kuamsha sarkoidi. Munganga ndiye anaamua, na anatayarisha matunzo mbele ya kugusa.

Matunzo ni mengi: kupasua kwa upana mpaka ku ngozi nzima, kugandisha na baridi kali, leza, krema ya fluorourasili, sindano ya sisplatini. Hiyo ya mwisho ni sumu hata kwa mikono ya anayeitumia. Karibu na jicho wanadunga hata BCG, chanjo ile ya watoto wachanga, ili mwili uamke upigane. Inaweza kuangusha farasi kwa mshtuko, basi si kazi yetu. Na hakuna dawa moja inayoshinda kila mara.

Kazi yetu ni hii: piga picha, weka rula pembeni, andika tarehe, rudia kila wiki mbili. Fukuza nzi. Usipake majani wala asidi. Ita munganga mapema, wakati ingali karanga. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina fakilte ya veterineri.

Jike yule alipasuliwa tena, akapona. Lakini kovu lilibaki pale pa mukaba, na tandiko halikurudi tena mgongoni mwake. Neno "sijui" lingemwokoa. Diplome haikatazi kulisema.