Kibuyu cha mfungwa kina mwenyewe

Ukinunua kiti kilichotengenezwa gerezani utaambiwa bei yake, utaambiwa ni mbao gani, na ukibahatika utasaidiwa kukipakia kwenye gari. Hutaambiwa kilitengenezwa na nani. Sisi Wapwani tumelizoea jambo hili hata hatuliulizi. Samani za Shimo la Tewa zimo majumbani mwetu, imara kuliko nyingi za madukani, lakini fundi wake hatumjui hata kwa jina la utani.

Mimi nimeanza kuliuliza nikiwa mbali na nyumbani. Huu ni mwaka wa saba nafundisha Kiswahili huku bara, kwenye milima ya chai ya Kericho na Bomet, na kwa jirani zangu gereza si habari ya gazetini. Kila kijiji kina mtu aliyeingia na kutoka, mara nyingi kwa kosa dogo na faini iliyoshindikana.

Tuanze na sheria. Mfungwa aliyehukumiwa nchini Kenya hupangiwa kazi, na kwenye karatasi kazi hiyo ina faida mbili kwake. Chini ya Sheria ya Magereza anaweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema, isipokuwa wale wa kifungo cha maisha na wa baadhi ya makosa, kama wizi wa kutumia nguvu. Faida ya pili ni ujira. Kwa miongo kadhaa ujira huo umekuwa senti 10 hadi 20 kwa siku, viwango vilivyowekwa miaka ya 1970. Piga hesabu mwenyewe: senti 20 kwa siku, siku zote 365, ni shilingi 73. Hiyo ni ya mwaka mzima. Utanunua mkate mmoja, na chenji yake labda ikupe peremende.

Mwaka 2018 serikali iliunda shirika la kusimamia karakana na mashamba ya magereza kibiashara. Sina ugomvi na biashara. Gereza linalojilisha na kuuza meza nzuri ni bora kuliko gereza linalowakalisha watu ukutani mchana kutwa. Tena wafungwa wengi hufanya mitihani ya ufundi ya NITA wakatoka na cheti kisichotaja jela popote, na hilo ni jambo la maana sana. Lakini cheti kinasema unajua useremala. Hakisemi ile meza ya ofisini kwa bwana mkubwa uliichonga wewe.

Hapo ndipo kisa cha mama mmoja wa upande wa Sotik kinaponirudia. Alifungwa kwa pombe ya kienyeji. Tangu Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 akina mama wengi wa huku wamepita njia hiyo: anapika kulipa karo, anakamatwa, anatozwa faini isiyolipika, anaingia ndani. Nyumbani mama huyu alikuwa hodari wa sotet, kile kibuyu ambacho Wakipsigis huhifadhia mursik, maziwa yao ya kugandisha. Ndiyo vile vibuyu tunavyoviona kwenye televisheni wanariadha wakipokelewa uwanja wa ndege. Ndani husafishwa kwa ufito wa mtende na kupakwa masizi ya mti maalumu, na hayo masizi ndiyo yanayoyapa maziwa harufu yake na ule weusi kidogo. Nje hupambwa kwa ngozi, shanga na kauri. Nilipomwambia kauri zile hutoka baharini kwetu, alicheka na kuniambia, basi mwalimu, na wewe unatudai.

Gerezani, nisilolitaja, maafisa walimpa vibuyu na shanga. Alipamba na akawafundisha wenzake watatu. Vibuyu vikapelekwa kwenye maonyesho ya kilimo na vyote vikauzwa. Yeye hakuviona tena. Alipotoka alipewa nauli. Alipotaka kuanza biashara, mwenye duka mmoja la vitu vya wageni akamwomba amwonyeshe kazi zake za nyuma, na hakuwa na hata picha moja. Hakunilalamikia fedha, na mimi niliyatarajia sana hayo ya fedha. Lililomuuma ni kwamba kazi bora aliyowahi kufanya maishani iko mezani kwa watu asiowajua, na hawezi kusema ni yake akaaminiwa.

Najua litakalosemwa: na aliyeibiwa je, na aliyejeruhiwa? Mbona mhalifu apambwe jina? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kulikwepa. Uingereza kuna taasisi iitwayo Koestler Arts, iliyoanza 1962 kwa juhudi za mwandishi Arthur Koestler, ambaye mwenyewe aliwahi kusubiri kunyongwa katika jela ya Uhispania. Hupokea picha, ushonaji na maandishi ya wafungwa, hutoa tuzo na huziuza baadhi ya kazi. Mpango wao wa mauzo umekuwa huu: nusu ya bei kwa aliyeitengeneza, robo kwa shirika la kuwasaidia waathiriwa wa uhalifu, robo kwa taasisi yenyewe. Aliyedhulumiwa naye yumo kwenye hesabu. Kwetu sisi hayumo, na kunyamaza jina la fundi hakumpi hata senti.

Wala tusijifanye kwamba jina la mfungwa juu ya kazi yake ni jambo geni hapa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi chake *Kenya: Twendapi?* Mashairi aliyoyaandika Kamiti kwenye karatasi za chooni yalitoka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga. Utasema yeye alikuwa mfungwa wa kisiasa, na mama wa Sotik ni mpika pombe. Kweli, kesi zao hazifanani. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haimuulizi msanii amefungwa kwa kosa gani. Yanayobishaniwa ni malighafi na muda wa serikali, na hayo yanaweza kukatwa kwenye bei kabla ya kugawana.

Mama yule pengine hakustahili kuwa ndani kabisa. Tangu 1998 tuna sheria inayomruhusu hakimu kumpa kazi za huduma kwa jamii mtu ambaye kosa lake lingemfunga miaka isiyozidi mitatu. Angefagia zahanati asubuhi na jioni akalala kwake na watoto. Marekebisho makubwa yako huko, mahakamani, na sitaki vibuyu vitusahaulishe hilo.

Lakini kwa walio ndani tayari, ninaloomba ni dogo na bei yake ni ya kalamu. Kila kitu kinachouzwa kiandikwe jina la aliyekitengeneza, akikubali. Kipigwe picha, na picha iwekwe kwenye faili lake aondoke nayo. Wako wasiotaka kujulikana, na wana sababu zao. Hao wajichagulie alama ndogo, shanga mbili nyekundu shingoni mwa kibuyu au mkato chini ya kiti, mradi siku ya kutoka wapewe karatasi yenye muhuri inayosema alama hiyo ni yao.