Programu ya Kupanga Kurasa: Kiwanda Kidogo cha Chapa Kichague Ipi?

Mteja afika katika kiwanda kidogo cha chapa akitaka nakala 300 zaidi za kijitabu alichochapiwa hapo hapo miaka 12 iliyopita. Faili la kijitabu hicho limehifadhiwa vizuri. Lakini programu iliyolitengeneza haimo katika kompyuta mpya, na programu iliyomo haiwezi kulisoma. Kazi ya siku moja yageuka kuwa ya juma zima: maneno yapigwe upya, picha zitafutwe upya, kurasa zipangwe upya. Ndipo mwenye kiwanda atambuapo kwamba siku aliyochagua programu alitazama bei na wepesi wake tu, asijiulize mafaili yake yangeishi muda gani.

Programu ya kupanga kurasa ni chombo cha kuweka maneno, picha na mistari juu ya ukurasa kwa vipimo kamili, na kisha kuutoa ukurasa huo katika hali ambayo mashine ya chapa inaweza kuupokea. Haifanani na programu ya kuandikia barua. Katika barua, maneno hutiririka kutoka juu kwenda chini. Likiongezwa neno moja, yote yanayofuata husogea. Katika programu ya kupanga kurasa, kila kitu hukaa ndani ya fremu yake, na mahali pa fremu hupimwa kutoka ukingoni mwa karatasi.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa herufi za risasi, na baadaye kwa mkasi na gundi. Mwaka 1985 vitu vitatu vilikutana: kompyuta ya Macintosh, mashine ya LaserWriter iliyoelewa lugha ya PostScript, na programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus. Tangu hapo mtu mmoja mezani pake aliweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji mafundi kadhaa.

Mambo ya Kupima

Jambo la kwanza ni rangi. Kioo cha kompyuta hutoa nuru, nacho hujenga rangi zake kwa kuchanganya nuru nyekundu, ya kijani na ya buluu. Karatasi haitoi nuru. Wino uliopakwa juu yake hunyonya sehemu ya nuru inayouangukia. Kwa sababu hiyo, mashine ya ofseti inayochapa picha za rangi hutumia wino wa aina nne: sayani, majenta, manjano na mweusi, kila mmoja na bamba lake. Programu isiyoweza kutenganisha rangi hizo nne haifai kwa kazi ya namna hiyo, kwani buluu inayong'aa kiooni yaweza kutoka imefifia karatasini.

Jambo la pili ni picha. Picha nzuri ya kuchapwa huhitaji nukta zipatazo 300 katika kila inchi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, yaani inchi 8.27, kwa hiyo picha ya kuujaza upana huo yapasa kuwa na nukta 2,480 hivi. Picha iliyotumwa kwa simu ikiwa na nukta 800 ikitandazwa hapo, itabaki na nukta 97 tu kwa inchi, na macho yataona ukungu. Programu nzuri humwonya mpangaji kabla bamba halijatengenezwa. Aidha huruhusu picha kupita ukingo wa ukurasa kwa milimita 3, ili kisu kikikosea kidogo usibaki mstari mweupe.

Jambo la tatu ni mpango wa kurasa. Kijitabu cha kurasa 16 cha ukubwa wa A5 hutokana na karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati. Upande wa nje wa karatasi ya kwanza hubeba kurasa 16 na 1. Upande wake wa ndani, kurasa 2 na 15. Kila jozi hujumlishwa kuwa 17. Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili kwa kukunja karatasi na kuzitia namba. Programu ikishindwa kupanga jozi hizo, mpiga chapa atazipanga kwa mkono, na kosa moja huharibu chapa nzima.

Jambo la nne lahusu Kiswahili chenyewe. Safu zikiwa nyembamba, programu hukata maneno mwishoni mwa mstari. Ikifuata kanuni za Kiingereza, neno "wanafunzi" laweza kukatwa "wanaf-unzi". Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, hivyo mkato sahihi ni "wa-na-fu-nzi". Kama programu haina kanuni za Kiswahili, basi iruhusu kuongezewa, au angalau kuzima ukataji.

Uhai wa Faili

Programu kadhaa zaweza kuyafanya hayo yote. Kinachozitenganisha hasa ni hatima ya mafaili. Mwaka 2024 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba huduma ya Publisher, programu yake iliyoanza mwaka 1991, ingekoma Oktoba 2026, na kwamba wenye kulipia Microsoft 365 wasingeweza kufungua mafaili yake baada ya hapo. InDesign, iliyotolewa mwaka 1999, ina uwezo mkubwa; lakini mwaka 2013 kampuni ya Adobe iliacha kuuza matoleo mapya kwa malipo ya mara moja. Anayeitumia hulipa kila mwezi au kila mwaka, na malipo yakikoma, mlango wa mafaili yake hufungwa.

Scribus haidai malipo. Hufanya kazi katika Windows, Macintosh na Linux, hutenganisha rangi nne, na faili lake ni maandishi ambayo programu nyingine yaweza kuyasoma. Upungufu wake ni kwamba haifungui faili halisi la InDesign. Kiwanda chenye wateja waletao mafaili ya namna hiyo kitakwama, isipokuwa wateja wakubali kuleta PDF.

PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kipimo cha kimataifa kisichomilikiwa na kampuni moja. Aina yake ya PDF/X, iliyowekwa kwa ajili ya wapiga chapa, hudai fonti zote ziwemo ndani ya faili. Hata hivyo PDF ni kama ukurasa uliokwisha kauka: huchapwa kwa urahisi, lakini hurekebishwa kwa taabu.

Kwa hiyo mwenye kiwanda aijaribu programu kwa kazi halisi kabla ya kuilipia: kijitabu chenye picha, jedwali na safu mbili, kifikishwe mpaka kwenye bamba. Kisha, kila kazi ikimalizika, ahifadhi vitu vitatu pamoja: faili la programu, PDF ya kuchapia, na maneno matupu pamoja na picha zake. Mteja wa miaka 12 ijayo hatauliza ni programu ipi iliyotumika. Atauliza kama kijitabu chake kingalipo.